Salamu kwa Bibi Grizel

Daftari lilikuwa na majina saba ya watu waliokufa zamani, na Joyness Mwaisumo alilishika kwa mikono miwili kana kwamba lingemponyoka lidondokee kwenye supu.

"Nisomee tena la mwisho," Odilia alisema.

"Aleksanda Gowans. Mwaka elfu moja mia nane arobaini na moja. Kazi yake, beetler."

"Na chini yake hakuandika kitu."

"Angeandikaje? Siku aliyopotea hakulibeba. Lilibaki kitandani kwake."

Ilikuwa Ijumaa, saa moja asubuhi, katika mgahawa wa ghorofa ya pili kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou. Abednego, mdogo wake Joyness, alikuwa hajaonekana tangu Jumanne. Polisi hawakuwa wameambiwa, kwa sababu visa ya Abednego ilikwisha mwezi uliopita na dada yake aliogopa kumwokoa kwa kumfungisha. Ndiyo maana alimtafuta Odilia Rwegasira, aliyekuwa sajenti wa polisi Bukoba miaka kumi na miwili, na sasa mwaka wa tisa Guangzhou akiwatafutia wafanyabiashara vitu vilivyopotea. Mizigo alikuwa ameipata mingi. Watu alikuwa amewapata wawili, na mmoja wao hakuwa hai. Hilo hakulisema.

"Hebu nieleze mdogo wako anavyofanya kazi," alisema. "Ile ya kutafuta babu zenu, si ya jinzi."

Joyness alieleza. Zamani fundi mmoja wa mitambo ya chai kutoka Uskoti, wa ukoo wa Gowans, alikaa Tukuyu miaka miwili, akaacha mtoto, akaondoka. Abednego, ambaye ni mnunuzi wa jinzi, aliamua kumfuata babu huyo kwenye makaratasi. Akapata nakala za sensa na vitabu vya ubatizo, na humo kila Gowans ana kazi ambayo hata Mzungu wa leo ukimuuliza anakuna kichwa. Wengine wangekisia. Abednego hakuwa mtu wa kukisia. Alijiwekea sharti kwamba hataandika maana ya kazi mpaka amwone kwa macho mtu aliye hai anayeifanya. Akishamwona, anaandika chini ya jina la babu mtaa, jengo, ghorofa na mlango, vilevile anavyoandika duka alilopata mzigo mzuri.

Odilia alifunua kurasa. William, heckler: huyo alichana kitani kwenye meno ya chuma kabla hakijasokotwa, na mwenzake alipatikana kwenye kiwanda cha mabaki ya pamba. Ebenezer, lapper: alikunja vitambaa vilivyokamilika, na mfano wake yuko Guangyuan Xilu, anakunja tangu maduka yafunguliwe. Bibi Grizel wa mwaka elfu moja mia nane hamsini na moja aliandikwa clipper. Huyo alimsumbua Abednego miezi miwili, mpaka alipowakuta wanawake wa Xintang, mji wa viwanda vya jinzi nje kidogo ya Guangzhou, wanaokaa na mikasi midogo wakikata nyuzi zinazoning'inia kwenye jinzi mpya. Bibi Grizel alikuwa akikata nyuzi za nyuma ya shali. "Xintang," Abednego aliandika, "kichochoro nyuma ya soko la vitambaa, chini ya jengo lenye milango ya bluu. Bibi yuko kazini bado."

"Sasa nisikilizishe ile sauti," Odilia alisema.

Joyness aliweka simu mezani. Ujumbe ulitumwa Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nyuma ya sauti kulikuwa na mashine nyingi.

"Dada, nimempata babu Aleksanda. Nimemwona kwa macho yangu. Beetler ni mtu wa kuponda nguo mpaka ichakae. Jioni nakuja kuandika. Wote saba wametimia."

Alikuwa anacheka. Joyness aliitazama simu mpaka kioo kikazima, kisha akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Hii ilikuja jana kwenye barua pepe yake. Chama cha watu wa Uskoti wanaotafuta koo. Aliwaandikia tangu Machi."

Odilia aliisoma taratibu. Mama mmoja mwenye adabu alieleza kwamba beetler alikuwa mfanyakazi wa kitani. Kitambaa kilizungushwa kwenye gogo na kupondwa na nyundo za mbao, saa nyingi, wakati mwingine siku nzima, mpaka nyuzi zikabanana na kitambaa kikang'aa.

"Kwa hiyo alikosea," Odilia alisema.

"Alikosea nini?"

"Yeye anasema ichakae. Mama huyu anasema ing'ae. Ni mtu wa jinzi tu ndiye anaweza kudhani watu wa wakati ule waliponda nguo mpya ili ionekane kuukuu." Aliikunja karatasi. "Lakini kama hilo ndilo alilolidhani, basi hilo ndilo aliloliona. Jumanne alisimama mahali mtu anaponda jinzi. Jinzi ziko Xintang, tuanzie kwa wanawake wake wa mikasi. Maliza supu, twende."

Joyness hakuimaliza.

*

Kichochoro walikipata bila shida, maana Abednego alikuwa mwandishi mzuri wa anwani. Wanawake kumi hivi walikaa kwenye viti vya plastiki kila mmoja na rundo lake, mikasi ikilia tik tik, vipande vya nyuzi vikiwa vimetanda chini hadi kwenye vifundo vya miguu. Juu yao lilisimama jengo la ghorofa nne lenye milango ya bluu. Madirisha ya juu yalikuwa na nondo, na mengine yalizibwa kwa maboksi.

Odilia aliinama kwa mama mmoja mwenye miwani, akamuuliza kwa Kichina kama kuna mtu anayeponda jinzi kwa mkono. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine za kufulia zenye mawe ndani, kwa hiyo mtu wa namna hiyo hawezi kufichika. Mama akaonyesha kwa mkasi, mlango wa pili baada ya kona. Kisha akamtazama Joyness, sura yake, urefu wake. Macho yake yakapanda kwenye madirisha ya juu mara moja, yakashuka haraka. Hakuinua kichwa tena, ingawa Odilia alimshukuru mara mbili.

Mashine za kushonea zilinguruma pande zote. Kijana wa pikipiki ya umeme aliyekuwa ameegesha kwenye kona aliacha kutazama simu yake.

"Dada Odilia, naogopa," Joyness alisema.

"Hata mimi. Tembea."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Karibu na mlango wa mbele, mzee mwembamba alikaa mbele ya jiwe bapa, akiponda goti la suruali kwa nyundo ya mpira. Pah. Pah. Anaigeuza, anaponda tena. Odilia alichuchumaa karibu naye akaisifu kazi yake.

"Umeanza lini, mzee?"

"Jumanne." Mzee aliinua vidole. "Leo siku ya nne. Kuna mteja anataka sampuli za mkono."

"Kabla yako alikuwepo nani?"

"Hakuna. Jiwe lenyewe lililetwa Jumanne asubuhi."

Joyness alimwonyesha picha ya Abednego. Nyundo ilisimama hewani. Mzee alitazama nyuma, kisha akasema kwa haraka na kwa sauti ya chini kwamba walikuja wageni wawili weusi. Huyu mrefu aliomba kuishika nyundo. Alicheka sana, akapiga picha. Mwenzake alibaki mlangoni na kofia, uso hakuuona. Halafu mrefu akatembea kuelekea nyuma, kutazama tu, kule kwenye mizigo.

"Kisha?"

"Kisha laoban akapiga kelele."

Laoban mwenyewe, yaani mwenye karakana, alikuwa ameshatokea kwenye mlango wa nyuma akijifuta mikono. Hakuuliza wanataka nini. "Mei you," alisema. Hakuna. Odilia alikuwa hajamuuliza kitu. Mzee aliifunika nyundo kwa suruali na kutazama chini. Nyuma ya laoban, mlango haukufungwa vizuri, na Odilia aliona marobota matatu yamepangana. Alama ya mzigo ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi kwenye kila robota, kama kila mfanyabiashara anavyoandika ili mzigo wake usichanganyike na wa mwingine.

Walipokwisha kukunja kona, ndipo alipomuuliza Joyness. "Alama ya mdogo wako ni ipi?"

"ABED TUKUYU. Na nyota mbele."

"Wiki hii alinunua mzigo wowote?"

"Hapana. Alikuwa anasubiri kiwanda kingine mpaka mwisho wa mwezi."

"Mle ndani kuna marobota yenye nyota."

Pikipiki ya umeme iliwafuata hadi kituo cha treni, taratibu, bila kuficha. Joyness alishika mkono wa Odilia na hakuuachia mpaka milango ya behewa ilipojifunga.

*

Rodgers Lyimo alikuwa wakala wa kusafirisha mizigo, na ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido kwenye ghorofa ya chini ya jumba moja la jumla, Guangyuan Xilu. Nje wapagazi walivuta marobota kwa vigari wakipiga miluzi watu wapishe. Ndani mlikuwa na meza, mizani na viti viwili. Yeye na Abednego waliwahi kushirikiana kontena miaka mitatu, kwa hiyo alikuwa mmoja wa wachache walioijua alama ya nyota.

"Karibuni, dada zangu. Jamani, bado tu?" Rodgers aliinuka, akawapa maji. "Mimi nilimwona Jumapili kwenye ibada. Tangu hapo, kimya. Nimepiga simu mpaka nimechoka."

"Na Xintang umeuliza?"

"Xintang sijafika wiki ya tatu sasa. Mgongo huu. Daktari kanikataza kusafiri."

Odilia aliitikia kwa kichwa, akamtazama anavyokaa. Mtu mwenye mgongo mbovu hukaa kwa hesabu. Rodgers alijitupa kitini.

"Pole sana," alisema. "Sisi tumekwama kwenye daftari lake hili. Labda kuna kazi alikwenda kuitafuta. Wewe rafiki yake, pengine alikusimulia."

"Ah, yale mambo ya Waskoti." Rodgers alicheka kidogo. "Dada, mimi akifungua lile daftari nilikuwa nahama meza. Sina nilichoshika."

"Jaribu tu. Heckler?"

"Sijui."

"Pirn winder?"

"Ndiyo nini hiyo?"

Odilia hakumweleza kwamba huyo alizungushia uzi kwenye vijiti vya kufumia; aliendelea kusoma pole pole, akimpa nafasi. Rodgers alitikisa kichwa kwa kila moja, na alikuwa anasema kweli. Clipper alidhani ni kinyozi. Lapper hakujaribu hata kukisia. Joyness alikaa kimya, mikono kwenye magoti, kama alivyoagizwa kwenye treni.

"Basi la mwisho. Beetler."

"Hiyo si ya kuponda nguo mpaka ichakae?" Rodgers alisema, akifurahi kupata moja. "Kama yule mzee na nyundo yake ya mpira."

Mluzi wa mpagazi ulipita nje. Odilia alifunga daftari.

"Mzee yupi, mdogo wangu?"

Rodgers alianza kupanga karatasi mezani.

"Maana yule mzee ameanza kazi Jumanne. Jiwe lake lililetwa Jumanne asubuhi. Na hiyo maana uliyotoa si ya kweli. Ya kweli tunayo, imeandikwa na watu wa huko huko. Hiyo ni ya Abednego. Aliitunga pale pale akimtazama mzee, akamtumia dada yake. Kwa mdomo wake aliweza kumwambia mtu mmoja tu, aliyekuwa amesimama naye. Ulivaa kofia."

Rodgers aliinuka. Kwa sekunde kadhaa Odilia hakujua atafanya nini, na aliogopa, kwa sababu mlango ulikuwa upande wa Rodgers. Akauvuta mlango wa bati mpaka nusu. Sauti za korido zikapungua. Kisha akarudi, akakaa chini, kando ya mizani, na kujishika kichwa.

"Hakutakiwa kwenda nyuma," alisema. "Nilimwambia ni jiwe tu, tazama jiwe lako twende. Akaona alama yake."

"Ndani ya hayo marobota kuna nini?"

"Vidonge. Sijui vya nini, na sitaki kujua. Wanatumia majina ya watu wetu. Bandarini wakifungua, mwenye alama ndiye mwenye mzigo." Alimtazama Joyness. "Alianza kupiga picha, dada. Wakamnyang'anya simu. Mimi walinisukuma nje."

"Ukaja kunipa pole Jumatano," Joyness alisema. "Ukasali na mimi."

Odilia aliuliza Abednego yuko wapi. Rodgers akaapa kwamba hajui, kwamba walimhamisha, kwamba yeye ana namba ya laoban tu. Kontena linaondoka leo saa kumi. Likishaondoka watamwachia.

"Nani kasema watamwachia?"

"Wao."

Hakuna aliyeamini, hata msemaji. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane.

"Mpigie," Odilia alisema. "Mwambie dada yake analia, anataka kwenda polisi, na akisikia sauti ya mdogo wake atatulia. Hilo watalikubali, kwa sababu ni rahisi kwao. Dakika moja tu."

Rodgers alitazama mlango, akatazama simu, akapiga. Kichina chake kilikuwa cha haraka na cha kubembeleza. Alisubiri. Akaweka simu juu ya mizani, sauti wazi.

"Akitaja mahali, nakata," alisema. "Wale wakijua nimewaambia, na mimi sina changu."

"Dada," sauti ya Abednego ikasema.

Joyness alifumba macho. "Abedi. Umekula?"

"Nimekula wali. Uko na nani?"

"Na dada Odilia. Ni mtu mzuri."

"Ndaga, dada Odilia," alishukuru kwa lugha ya nyumbani. Sauti ilikuwa kavu. Nyuma yake zilisikika mashine, mbali. "Joyness, ukiongea na nyumbani, nisalimie bibi Grizel."

Joyness alifungua mdomo. Odilia akamkanyaga mguu.

"Nitamsalimia," Joyness alisema.

"Mwambie namuwaza kutwa. Namwona kabisa yuko kazini kwake, mimi nimekaa juu tu sina la kufanya. Leo asubuhi nimeota nawaona nyinyi wawili mmekwenda kumwamkia. Nikawaita. Hamkusikia."

"Homa hiyo," Rodgers alinong'ona. "Anaweweseka."

Odilia hakugeuka. Alikuwa anamwona yule mama wa miwani, macho yanapanda, yanashuka. Asubuhi ile walikuwa wamesimama chini ya dirisha la Abednego. Mwendo wa ngazi tatu au nne, na walikwenda zao kutazama jiwe.

"Abedi," Joyness alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ya wote mle ndani. "Barua yako ya Uskoti imekuja. Kuhusu babu Aleksanda. Hakuponda nguo ichakae. Aliponda ing'ae."

"Ing'ae," Abednego alisema. "Basi nilikosea. Usiandike wewe, dada. Nitaandika mwenyewe."

Simu ikakatika.

Rodgers aliifuta kwa shati lake kama kitu kichafu. "Umeona? Mzima. Sasa mtulie mpaka jioni."

"Tutatulia," Odilia alisema. "Asante, mdogo wangu. Mgongo uuangalie."

Aliinama kupita chini ya mlango wa bati, akamvuta Joyness nyuma yake. Korido ilikuwa imejaa watu na vigari. Joyness alitaka kukimbia. Odilia aliuhisi mwili wake wote unataka, akambana mkono kwenye kiwiko.

"Tembea. Anatutazama bado. Mtu aliyetulia hakimbii."

"Yuko juu ya—"

"Najua yuko wapi. Ameshaiandika anwani mwenyewe, chini ya jina la Grizel. Usigeuke."

Walipita kwa wakunjaji wa nguo, kwa ndugu zake Ebenezer, mikono yao ikienda bila wao kuitazama. Odilia alitoa simu, akabonyeza namba ya polisi.

"Visa yake," Joyness alisema.

"Visa itajadiliwa akiwa hai."

Upande wa pili uliita mara tano bila kupokewa. Alikata, akapiga tena, akiinua mkono mwingine kusimamisha teksi. Ilikuwa saa nane na dakika tano, na Xintang ni saa nzima kwa gari kama barabara haina foleni.